Samaki Wasioliwa

4 Machi

Baba mkwe,

Shikamoo. Nilifika salama. Basi lilichelewa, lakini nilipata kiti cha dirishani. Nyumba niliikuta vile vile tulivyoiacha siku ile tulipomkimbiza mwanao hospitali. Kikombe chake kilikuwa mezani. Nikakiosha. Nakwambia haya kwa sababu uliniagiza nikifika nikuandikie, na sina mengine ya kusema.

Ila kuna jambo moja. Juzi mwenye lile duka la wanyama wa kufugwa alikuja kunipa pole. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kuitwa, kisha akasema ile kazi ya marehemu iko wazi na hana wa kuifanya. Yeye mwenyewe anajua mbwa na chakula cha paka. Yule dada wa upande wa ndege, wanayemwita Mama Kasuku, hataki hata kuyasogelea yale matangi ya samaki. Akaniuliza kama naweza kujaribu kwa miezi mitatu. Nikasema ndiyo. Nadhani ningesema ndiyo hata angeniuliza kama naweza kuezeka nyumba.

Sasa nina matangi saba ya maji ya chumvi na sijui lolote. Miaka minne mume wangu alirudi nyumbani akinuka bahari, nami nikimwambia akaoge kwanza. Sikumuuliza hata siku moja anafanya nini huko. Hakuacha daftari. Kila kitu kilikuwa kichwani mwake.

Lakini Jumapili moja moja, baada ya chakula, alikuwa akikaa kuandika. "Namwandikia mzee," ndivyo alivyosema, kisha anatoka na bahasha. Na siku ya mazishi, nilipolitaja hilo mbele ya watu, wewe mwenyewe ulisema kweli, alikuwa anakueleza kila kitu cha kazi yake. Naomba, baba, uzitazame zile barua. Usinitumie, ni zako. Ninakilie tu yale ya kazini. Uanze na maji. Yanapungua matangini kila siku na sijui niongeze nini.

Mkamwana wako


15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Mimi mzima. Siku hizi nakula nimesimama. Mama yenu angekuwa hai angenikaripia. Karakana bado nimeifunga. Kuna mtu alileta kazi ya milango miwili, nikamwambia aende kwa seremala mwingine.

Barua ninazo, ziko sandukuni. Macho yangu si ya zamani, kwa hiyo nikichelewa usidhani nimekupuuza. Kuhusu maji ameandika hivi:

"Baba, watu hudhani maji ya chumvi ni maji ukatia chumvi. Sivyo. Chumvi ya jikoni haifai, kuna yake maalumu inakuja kwenye ndoo. Maji ya bomba nayo hayafai yalivyo, yana dawa ndani, lazima yapite kwenye mashine ya kuchuja. Unachanganya pembeni, kwenye pipa, pampu ikizungusha, na unayaacha siku nzima kabla hujayatia tangini. Halafu unapima chumvi. Kipimo kisome moja nukta sifuri mbili tano, au jirani na hapo. Joto nyuzi ishirini na tano. Tangi likipungua, kilichopaa ni maji matupu, chumvi yote imebaki. Kwa hiyo unaongeza maji matupu yaliyochujwa. Ukiongeza yenye chumvi, chumvi inazidi siku hadi siku, na samaki wanaumia. Pima mara mbili, mimina mara moja."

Ndivyo alivyoandika. Uliza tena utakalo.

Baba yako


24 Machi

Baba,

Shikamoo. Ahsante. Nilikuwa nimeshaongeza maji ya chumvi siku kumi mfululizo. Nilipopima, kipimo kilisoma moja nukta sifuri tatu moja. Sasa nakishusha kidogo kidogo, siku kwa siku, na bado hajafa hata mmoja.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimeisikia sauti yake, isipokuwa pale mwisho, penye kupima mara mbili. Sikujua ana msemo huo. Labda alikuwa nao kwa ajili yako tu.

Ukumbi wa samaki uko nyuma ya duka, hauna dirisha. Kuna taa za buluu na mlio wa pampu usiokatika. Panafaa. Nikiwa mle ndani saa zinapita bila kuniuliza kitu. Tangi kubwa lina matumbawe na kamba mmoja mwekundu mwenye masharubu meupe marefu. Wanamwita Kinyozi. Amekaa pangoni mwake, na samaki wakubwa wanakuja mmoja mmoja, wanasimama, wanafungua midomo, naye anaingia kuwasafisha. Hawamli. Wateja wanaita watoto wao waje waone.

Wengine wananiuliza, "Yule kaka yuko wapi?" Nawaambia leo hayupo. Si uongo.

Jumamosi alikuja baba mmoja na binti yake. Anataka tangi, maji, mawe na samaki sita, vyote siku hiyo hiyo, kwa kuwa ni siku ya kuzaliwa ya mtoto. Nilimkwepa nikisema mashine ya kuchuja maji imeharibika, arudi baadaye. Mume wangu aliwafanyaje watu kama hao? Tazama kama ameandika.

Mkamwana wako


5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Ameandika, tena kwa urefu. Nakunakilia penye maana:

"Baba, kazi ngumu si samaki, ni wanunuzi. Tangi jipya ni kama nyumba ambayo rangi haijakauka. Samaki akijisaidia, au chakula kikioza, maji yanapata sumu usiyoiona kwa macho. Katika tangi lililokomaa kuna vijidudu vizuri, vinakaa kwenye mawe na mchanga, vinaila sumu hiyo na kuigeuza kuwa nyingine, kisha vingine vinaigeuza hiyo ya pili kuwa kitu kisichodhuru sana. Vijidudu hivyo haviuzwi pamoja na samaki, wala havipatikani kwa siku moja. Vinataka wiki nne, wiki sita. Kwa hiyo tangi liwashwe, liwe na maji na mawe, lisiwe na samaki. Mteja alete maji kwenye kichupa, tumpimie bure. Sumu zote mbili zikisoma sifuri, apewe samaki mmoja, au wawili wadogo. Sita, hapana. Na mteja akikataa kungoja, afadhali akukasirikie leo kuliko arudi kesho na maiti kwenye mfuko."

Mimi nilikuwa hivyo hivyo na mbao mbichi. Ukimpa mtu mlango wa mbao mbichi anashangilia, baada ya miezi miwili haufungi.

Jana nilifungua dirisha la karakana kuingiza hewa. Sikufanya kazi. Niliingiza hewa tu.

Baba yako


16 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimempa dereva wa basi barua hii ili ikufikie leo. Nisamehe kwa haraka.

Kwanza yule mteja alirudi. Nikamweleza mambo ya wiki sita. Akasema, "Dada, mimi sijaja darasani, nimekuja dukani." Nikasema, "Nitakuuzia tangi, chumvi na mawe. Samaki sikuuzii." Mwenye duka alitoka ofisini akaniita kando. "Wewe unauza au unafukuza?" Nikamjibu kwamba Fundi Chumvi asingeuza, maana ndilo jina walilompa mume wangu hapa. Akarudi ofisini. Mteja alichukua tangi na mawe, hakuniaga. Binti yake ndiye aliyeniaga.

Sasa shida. Jumanne walikuja samaki wapya, nikawatia moja kwa moja kwenye tangi kubwa. Leo samaki wanne wana madoa meupe mwili mzima, kama wamenyunyiziwa chumvi. Wanajisugua kwenye mawe. Wanahema upesi upesi. Mwenye duka amesema lile tangi ndilo linaloleta watu, likifa tutaangalia kama kuna haja ya kuendelea.

Dereva anarudi kesho mchana. Aliandika nini kuhusu madoa meupe?

Mkamwana wako


17 Aprili

Mwanangu,

Dereva yuko mlangoni, ananihimiza. Ameandika:

"Samaki akitoka madoa meupe, dawa ni shaba. Itie tangini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, siku kumi na nne bila kukatiza. Usingoje, ugonjwa huu hauna subira."

Tia leo. Mungu akusaidie.

Baba yako


2 Mei

Baba,

Shikamoo. Dawa imefanya kazi. Samaki hawana madoa tena. Ahsante.

Kazini kuzuri.

Mkamwana wako


11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi mpaka nikaenda kumwambia jirani yangu, Mwalimu mstaafu. Tulikunywa chai. Ni mara ya kwanza kuketi kitako na kikombe tangu Februari. Nimefungua karakana, nikatengeneza kigoda. Mguu mmoja mfupi, lakini kinakalika.

Unaona jinsi mwanangu alivyokuwa na akili. Na alikuwa mkarimu wa maelezo, hakuficha kitu. Kuna barua nyingine inahusu taa, ziwashwe saa ngapi na zizimwe saa ngapi. Ukitaka nitaitafuta.

Barua yako ilikuwa fupi mno. Umechoka, au kuna lililokuudhi?

Baba yako


22 Mei

Baba,

Shikamoo. Sijaudhika. Kuhusu taa usisumbuke, nimepata namna.

Nilikuwa naihifadhi ile chupa ya dawa kwenye kabati la dukani, lile la chini ambalo tulikuwa hatulifungui. Nyuma kabisa nikakuta boksi la viatu. Ndani mna bahasha ishirini na saba. Zote zina jina lako na anwani yako kwa mwandiko wake, zimefungwa, zimebandikwa stempu. Nyuma ya kila moja kuna tarehe. Zote ni Jumapili.

Inaelekea hizi ndizo alizosahau kuziposti. Unamjua alivyokuwa msahaulifu.

Sijafungua hata moja. Nimezipanga kwa tarehe nikazifunga kwa uzi. Boksi analo dereva, atakukabidhi mkononi.

Mkamwana wako


24 Juni

Mwanangu,

Hakuwa msahaulifu. Wewe unajua, nami najua, na umenisitiri kwa neno hilo. Ahsante, lakini sistahili sitara.

Sanduku la barua halipo. Sikupata kwake hata barua moja. Siku aliyoondoka nyumbani tuligombana pale pale karakanani. Nilikuwa nimemfundisha useremala tangu akiwa na miaka kumi na miwili, naye ananiambia amepata kazi ya kuuza samaki. Nikamuuliza, samaki gani? Akasema wa mapambo. Nikamwambia, "Kuuza samaki wasioliwa si kazi ya mtu mwenye akili. Ukivuka kizingiti hiki kwa kazi hiyo, usiniandikie." Nilidhani atarudi baada ya wiki. Alikuwa mtiifu kuliko nilivyomdhania.

Siku ya mazishi ulisimama ukasema alikuwa akiniandikia siku za Jumapili. Watu wote wakanigeukia. Shemeji zangu, majirani, wateja wangu wa miaka thelathini. Ningesemaje? Nikasema ndiyo. Kisha wewe ukataka uzisikie hizo barua, na ulikuwa umebaki peke yako, na mimi nikaona kwamba nikisema hakuna, basi hakuna.

Nilimwendea Mwalimu. Mara mbili za mwanzo mjukuu wake alikuwepo, alitutafutia kwenye simu mambo ya maji ya chumvi, akatusomea, nami nikayageuza yawe maneno ya mwanangu. Ule msemo wa kupima ni wangu, ulitoroka. Mara ya tatu mjukuu hakuwepo na dereva alikuwa ananiita. Mwalimu akatoa kitabu cha zamani cha samaki wa bwawani. Ndimo nilimoipata shaba.

Juzi mjukuu amerudi. Nikamwomba atazame. Anasema shaba inaua kamba na matumbawe. Mwanangu, uliitia? Usinifiche. Tumefichana vya kutosha.

Barua zake nimezisoma moja kwa siku, ndiyo maana nimekawia. Samaki anawataja mara mbili tu. Anauliza kama paa la karakana bado linavuja. Anauliza goti langu. Anasema wewe unaimba vibaya ukipiga pasi, na siku ukinyamaza hutoka chumbani kuja kuona kuna nini. Ya tisa ina mstari mmoja: "Baba, leo sina la kusema, nimekaa tu." Nimeishika hiyo zaidi ya nyingine.

Nimejiuliza: angeziposti, ningejibu? Natamani nikwambie ndiyo. Mwaka wa kwanza nisingejibu. Wa pili nisingejibu. Baada ya hapo sijui. Aliyekuwa wa kunisamehe hilo hayupo, na sikuombi wewe ulibebe. Nakwambia tu, ili mtu mmoja awe analijua.

Baba yako


3 Julai

Baba,

Shikamoo.

Niliitia. Nilifuata kipimo cha chupa kama ulivyosema. Jioni ile ile Kinyozi alitoka pangoni akalala ubavu. Matumbawe yalichukua siku tano. Yalisinyaa, kisha yakabaki meupe kama mifupa. Samaki walipona kweli, kwa hiyo sikukudanganya nilipoandika kwamba madoa yameondoka. Nilikudanganya kwa yaliyobaki.

Nilipokwenda kuihifadhi chupa, ndani ya mlango wa kabati niliona karatasi aliyoibandika mwenyewe: "Shaba ni ya tangi la wagonjwa TU. Inaua kamba, inaua matumbawe. Mgeni yeyote akae peke yake wiki nne kwanza." Hapo nikajua zile barua si zake. Kisha nikaliona boksi.

Nilisimama pale nikaitafuta hasira. Sikuipata. Sikupata kitu chochote. Nilifunga kabati nikaenda kuwalisha samaki kwa sababu ilikuwa saa ya chakula. Boksi lilikaa kwangu wiki tatu kabla sijakutumia. Sikuwa nakuadhibu. Nilikuwa nalipita tu, asubuhi na jioni, kama kiti.

Na kosa si lako peke yako. Wageni niliwatia mimi bila kuwatenga. Kabati lilikuwa mbele yangu tangu Machi na sikulifungua, kwa sababu ndani kulikuwa na koti lake la kazi.

Mwenye duka nilimwambia mwenyewe, sikungoja aulize. Alitazama tangi. Akasema, "Fundi naye mwezi wake wa kwanza aliua tangi zima. Aliacha kipasha joto kimewaka nje ya maji, kikapasuka, maji yakapoa usiku kucha. Hakuwahi kukwambia?" Hakuwahi. Akaniuliza tufanye nini. Nikamweleza kwamba shaba imeshaingia kwenye mawe, lile tangi haliwezi kuwekwa kamba tena, basi liwe la wagonjwa na wageni, na tuanze jingine upya. Ni wiki sita. Akasema haya. Tupo wiki ya tano. Yule mteja wa siku ya kuzaliwa huleta kichupa chake cha maji kila Jumamosi, na binti yake ndiye anayesoma rangi kwenye karatasi ya vipimo. Wamepata samaki wawili.

Hayo ya mimi kuimba sijui kama ni kweli. Sijapiga pasi tangu Februari.

Hilo la mwisho uliloandika nimelisoma. Nalijua sasa, kama ulivyotaka.

Miezi mitatu imekwisha, nimepewa fomu ya ajira. Mama Kasuku alikuwa ananijazia kwa kuwa mwandiko wangu hausomeki. Akafika kwenye mstari wa ndugu wa karibu. Nikamtajia jina lako na anwani. Akauliza, "Uhusiano? Niandike mkwe?"

"Andika baba."

"Baba mzazi?"

"Dada, wewe andika baba, wateja wanangoja."

Akaandika. Fomu imo humu ndani, inataka sahihi yako pale chini. Unaweza kumpa dereva airudishe. Au uilete mwenyewe. Kuna basi la Alhamisi, linafika saa nane mchana, na saa nane mimi huwa nimemaliza kuwalisha.

Mwanao